Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ile Kazi ya Mbwa

Kiamunyi, Nakuru

Mwanangu Nekesa,

Salamu kutoka nyumbani. Tu wazima, ila goti la mama yako linamsumbua asubuhi za baridi, na shambani bado anakwenda.

Uliniuliza kwenye simu, ukakata kabla sijajibu: "Baba, nikiacha benki nikawa mtu wa kufundisha mbwa na kurekebisha tabia zao, utaona haya ukiulizwa kanisani?" Nimekaa wiki mbili bila kukujibu kwa sababu kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Unajua nilikuwa askari wa kampuni ya ulinzi miaka kumi na mmoja. Hujui kwamba minne kati ya hiyo nilishika mbwa. Mkufunzi wetu alikuwa na neno moja: mbwa ajue nani mkubwa. Akinguruma, vuta mnyororo mpaka akohoe. Akirudia, rungu. Mimi nilikabidhiwa dume anaitwa Bosco, aliyekuwa akinguruma watoto wakisogelea lango. Mwezi mmoja tu nikawa nimemkomesha, nikasifiwa mbele ya wenzangu. Kisha asubuhi moja kijana wa kuleta maziwa akainama kuokota kifuniko, na Bosco akamdaka mkono bila hata kukunja pua. Tukasema mbwa yule ni msaliti. Akaondolewa. Hatukuambiwa alipelekwa wapi, nasi hatukuuliza.

Uliponieleza kwamba mngurumo ni onyo, na kwamba ukiuadhibu unaondoa onyo na hofu inabaki palepale, usiku ule sikupata usingizi hadi saa nane. Bosco alikuwa anawaogopa watoto. Hofu yake sikuigusa kabisa, nilimfunga mdomo tu.

Na lile la mbwa-mwitu lilinichekesha. Ulisema habari ya "mkubwa wa kundi" ilitokana na mtu aliyewachunguza mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja, akaandika mwaka 1947. Kwamba David Mech, mtafiti wa mbwa-mwitu aliyesaidia kuieneza, mwenyewe aliisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwatazama wakiwa huru: kundi ni baba, mama na watoto wao. Yaani ni boma kama letu! Na mimi nilivuta mnyororo miaka minne kwa sababu ya wanyama waliogombana kizuizini Ulaya.

Desemba nilikutazama na mbwa wa Mama Baraka, yule mfukuza pikipiki. Nilidhani utaanza na kamba fupi. Wewe ukaanza kwa kutafuta mahali: mbali na barabara, pale anapoiona boda lakini habweki. Boda ikitokea, omena. Ikipotea, omena zimekwisha. Hukumwambia kaa, hukumkemea. Siku ya tatu akisikia mlio anakugeukia wewe, mate yanamdondoka kama wale mbwa wa Pavlov waliodondokwa mate kabla hata chakula hakijafika, yule Mrusi aliyeanza akichunguza mmeng'enyo wa chakula akajikuta kwenye mambo ya akili. Ndipo mkasogea hatua mbili. Kijana mmoja alipopita kwa kasi mbwa akaruka, ulisema kosa ni lako, umeharakisha, mkarudi nyuma. Sikuwahi kumsikia mkufunzi wetu akisema hivyo.

Kwa hiyo haya sina. Tena yule mzee wa kanisa unayemwogopa ndiye ameniuliza mara mbili lini utakuja, mbwa wake amemuuma mjukuu.

Kwake usiende kabla mbwa hajaonwa na daktari wa mifugo. Anayebadilika ghafla huenda ana jino bovu, sikio linalouma, au kichaa cha mbwa chenyewe. Kwa kazi hii upate chanjo yako ya kichaa mapema, usingoje kuumwa. Na ukiumwa hata mkwaruzo, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulichanjwa.

Kitakachokuchosha ni wenye mbwa. Mtu amemfunga mnyama mchana kutwa tangu alipokuwa na miezi miwili, wakati ule hasa ambapo mtoto wa mbwa, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, anapaswa kuzoea watu na kelele za dunia. Leo anataka awe mpole kwa wageni, mkali kwa wezi, na uimalize kazi Jumamosi moja. Usimwahidi. Atakwenda kwa mwenye rungu, maana daktari wa mifugo lazima asajiliwe na bodi, lakini kujiita mkufunzi wa mbwa hata mimi ningeweza kesho.

Ndiyo maana ule mtihani wa Marekani wa wakufunzi wa mbwa uliouzungumzia naupenda, kwa kuwa unadai saa 300 za kufundisha kabla ya kuufanya. Benki usiiache leo. Zikusanye saa hizo wikendi na likizo, hapa mtaani wapo mbwa wa kutosha, na uziandike daftarini kila siku. Zikifika nusu, na kama kuna watu wanaokulipa bila kusukumwa, andika barua ya kuacha kazi. Nauli ya Kisumu hadi hapa nitasaidia kila mwisho wa mwezi.

Mama Baraka ameshaambiwa Jumamosi ijayo. Uje na omena za huko, zisizo na chumvi. Za soko letu bei yake siiwezi kwa ajili ya mbwa.

Baba yako