Lebo ya mizabibu na alama ya kutoa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa kampuni inayolima zabibu hapa Dodoma. Kampuni mama, ambayo hisa zake zinauzwa sokoni Ulaya, imetuletea jedwali ikitaka kila kiasi katika hesabu zetu kipewe lebo ya taksonomia ya IFRS, yaani orodha ya lebo za kusomwa na kompyuta inayofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu. Mizabibu niliipa lebo ya mali hai. Gharama ya mauzo, ambayo huwa tunaiweka ndani ya mabano, nikaijaza kwa alama ya kutoa. Yote mawili yamerudishwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu Mhasibu, la mizabibu ndilo zito, basi tuanze nalo. Lebo hufuata maana iliyowekwa na kiwango, si jina tulilozoea shambani. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016, mzabibu unaozaa msimu hata msimu umetolewa katika kiwango cha kilimo, IAS 41, ukahamishiwa IAS 16 pamoja na majengo na mitambo, na taksonomia ina lebo ya mimea izaayo kwa ajili yake. Zabibu zenyewe, maadamu bado zinaning'inia, zimebaki IAS 41 kama mali hai, na zikishachumwa huingia katika bidhaa za ghalani, IAS 2. Kwa hiyo mzabibu mmoja wa Hombolo unaweza kubeba lebo mbili siku ya kufunga hesabu, na kwa kuwa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, angalia siku hiyo imeangukia wapi kati ya misimu.

Mabano ni ya macho ya msomaji tu. Lebo ya gharama ya mauzo imekwisha kuwekwa upande wa debiti, yaani upande wa gharama, hivyo kiasi huingizwa kikiwa chanya. Ukikitia alama ya kutoa, kompyuta itaelewa kwamba gharama imegeuka kuwa kinyume chake. Hasara ya mwaka ni tofauti, kwani lebo yake ni moja na ya faida, na hapo alama ya kutoa inahitajika.

Wenzako wa Ulaya wanabanwa na sheria ya kutia lebo hesabu, iliyoanza na miaka ya fedha ya 2020, ingawa kumletea mtu jedwali bila maelezo ni kumwonea. Taksonomia hutolewa upya kila mwaka. Waulize wanatumia toleo lipi kabla hujajaza tena.