Bukavu mpaka Kigali kwa kinga (baiskeli): lala nje ya mji, ingia asubuhi

SWALI: Yaya, salamu kutoka Kadutu. Mimi na binamu yangu tunataka kwenda Kigali kwa kinga kiangazi hiki, tuvuke mto Ruzizi, tufuate ziwa Kivu upande wa Rwanda mpaka Karongi halafu tukate kwenda Kigali. Wengine wanatuambia tupite Nyungwe eti ndiyo njia fupi, wengine wanasema milima itatumaliza hata hatujafika. Binamu iko na kinga ya vitesi (gia), mimi niko na ile nzito ya kubebea mizigo. Tena tunaogopa kuingia mjini kwenyewe, maana hata hapa Nyawera jioni tu ni balaa. Unatushauri nini?

JIBU: Mdogo wangu, nimefurahi sana na hii barua, maana watu wengi wa kwetu wanaliangalia ziwa kila siku na hawajawahi kulizunguka kwa miguu yao wenyewe.

Tuanze na njia. Mkitoka Rusizi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mto, mtafika Ntendezi, pale barabara inagawanyika, moja inaingia Nyungwe na ingine inashuka Nyamasheke kufuata ziwa. Nyungwe ni pazuri mno, mwaka 2023 UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia, lakini kwa kinga na mizigo mimi sikushauri, ni msitu mrefu hauna kijiji, unapanda kupita mita 2,300, baridi na ukungu, na mvua inakuja hata wakati kwenu Bukavu jua linawaka. Mpira ukipasuka katikati ya msitu, nani atakusaidia? Shikeni njia ya ziwa. Lami yake ni nzuri na karibu kila kona kuna watu, maji, ndizi, chai ya maziwa.

Lakini msidanganyike na neno ziwa mkafikiri ni tambarare. Kivu yenyewe iko kwenye mita 1,460 hivi, na ufuko wa Rwanda umejaa ghuba, kila ghuba barabara inaizunguka, inashuka mpaka karibu na maji halafu inapanda tena, na ukifika juu unaona ghuba ingine inakungoja. Hakuna mlima mmoja wa kutisha pale, kinachochosha ni wingi wake. Kwa hiyo siku ya kwanza msijionyeshe, hata mkijisikia na nguvu. Laleni Nyamasheke, siku ya pili Karongi, mkifika muulize sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa, mle mshibe, mlale mapema, kwa sababu siku ya tatu ndiyo kazi.

Kutoka Karongi mnapanda Rubengera na mnaendelea kupanda mpaka mgongo wa Congo-Nil. Mvua inayonyesha nyuma yenu inarudi Kivu, Ruzizi, Tanganyika mpaka fleuve Congo, ile ya mbele inaenda Nyabarongo, Akagera, Victoria na Nil. Mimi kila nikipita pale lazima nisimame.

Wewe mwenye kinga ya mizigo, kwenye mpando shuka usukume, bila haya. Waangalie abanyonzi wa Rwanda, wale wabebaji wa kinga, wanavyofanya na mikungu yao ya ndizi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma kwenye mzigo, wanakata barabara kidogo kidogo, na juu wanafika. Ila kuna vijana wanaoshika nyuma ya lori ili liwavute. Hilo usilifanye hata mara moja, nakuomba kabisa, lori likifunga freni ghafla huna pa kwenda.

Sasa mteremko, ambao ndio naogopa kuliko mpando. Usishike freni mfululizo kutoka juu mpaka chini. Shika kwa nguvu kidogo, achia, shika tena, ya mbele na ya nyuma pamoja, na kabla ya kona uwe umeshapunguza mwendo, siyo ndani ya kona. Simama nusu ya mteremko, gusa rimu kwa ncha ya kidole haraka haraka: ikikuunguza, pumzika mpaka ipoe, maana ule moto unakula mpira wa freni na unaweza kupasua mpira wa ndani. Ile kinga yako freni zake ni za fito, vyuma siyo waya, angalia kila nati usiku kabla ya safari na ubadilishe vile vipande vya mpira vyote, usingoje viishe. Beba vingine, na mpira wa ndani, gundi, pompi.

Kigali, sasa. Msiingie jioni mkiwa mmechoka. Kosa la watu wengi linakuwa hapo, wanaona Muhanga wameshamaliza milima, zimebaki kilomita kama 50, wanasema twende tu, wanafika na giza. Laleni Muhanga, mwondoke alfajiri. Mtashuka Ruyenzi mpaka daraja la Nyabarongo, mteremko mrefu wenye malori na mabasi, halafu Giti cy'Inyoni, halafu Nyabugogo kwenye gare ya mabasi. Mkifika Nyabugogo saa tatu na nusu au saa nne asubuhi, fujo ya watu wa kazi imepungua. Pikipiki zinapita kila upande, endesheni mmoja nyuma ya mwingine, kaske kichwani, onyesha mkono kabla ya kugeuka, na rond-point (mzunguko wa barabara) ikikutatiza shuka utembee. Kijana akikuonyesha njia ya mkato, ule mpando wa mawe unaoitwa Mur de Kigali, mshukuru na uuache. Uliwatesa hata wakimbiaji wa mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, na wao hawakuwa na mizigo!

Msisafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, safari za barabarani zinasimama mpaka saa tano. Nguo msizifunge kwenye sachet za plastiki, Rwanda imezikataza tangu 2008 na watawanyang'anya mpakani. Na siku mbili kabla, nendeni Ruzizi muulize wenyewe karatasi gani wanataka na mpaka unafungwa saa ngapi.

SWALI: Sisi tuko Goma. Tunaweza kuanzia Rubavu?

JIBU: Ndiyo, lami inatoka Rubavu inapita Rutsiro mpaka Karongi, mengine ni kama nilivyosema juu. Kama mnataka udongo kuna Congo Nile Trail, kilomita 227 mpaka Rusizi, ila hiyo inataka mipira minene na kiangazi, matope ya pale yanaganda kwenye sheni mpaka haizunguki.