"Kwa umeme" au "kiumeme"?

SWALI: Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kisumu. Naandika maelezo ya kifaa cha kuwashia pampu za maji katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Ndani yake mna maikrokontrola mbili (vikompyuta vidogo vya chipu moja) zinazopeana data. Niliandika: "Maikrokontrola hizi zimetengwa kwa umeme lakini zinawasiliana kwa mfululizo." Mwenzangu alicheka. Kosa liko wapi?

JIBU: Ana haki ya kucheka, ingawa angekuonyesha pa kurekebisha. "Kwa" ikifuatwa na jina la kitu aghalabu hutaja ala: kukata kwa kisu, kusafiri kwa matatu, kupika kwa umeme. (Ikifuatwa na jina la dhahania hutaja namna, kama "kwa haraka", na hiyo haina ubaya.) Msomaji wako basi ataelewa kwamba umeme ndio uliozitenga, kumbe umeme ndio uliozuiwa usivuke. Unachotaka ni "kiumeme", yaani kwa upande wa umeme. Ni ki- ileile ya "wametengana kisheria": huenda mume na mke bado wanalea watoto pamoja, ila mbele ya sheria kila mmoja kivyake. Maikrokontrola zako zimo katika kisanduku kimoja, lakini hakuna mkondo unaotoka kwa moja kuingia kwa nyingine.

"Zimetengwa" nayo ningeibadilisha. Aliyetengwa na jamaa zake hasemezwi na mtu. Vitu vilivyotenganishwa vimewekwa mbalimbali tu, wala havijanuniana. Andika "zimetenganishwa".

"Mfululizo" wapo wanaolitumia hapa, lakini mimi silipendi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, haikukatika. Data yako hukatika: biti, yaani zile 0 na 1 za data, hupita moja baada ya nyingine, kisha waya unaweza kukaa kimya hadi ujumbe mwingine uanze. "Kwa mfuatano" inatosha.

"Zinawasiliana" usiiguse, na usiogope kwamba inapingana na kutenganishwa. Kinachovuka ni mwanga. Ndani ya optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga, mna LED (taa ndogo) inayowaka na kuzimika kufuata biti, na ng'ambo yake transista inayohisi mwanga huo. Kwa kuwa mwanga huenda upande mmoja tu, kutuma kuna optokapla yake na kupokea yake, na kila upande una chanzo chake cha umeme. Volti 240 za pampu zikileta hitilafu, hazina njia ya kufikia vitufe anavyobonyeza mkulima.

Kwa hiyo: "Maikrokontrola hizi mbili zimetenganishwa kiumeme, na zinawasiliana kwa mfuatano kupitia optokapla mbili, moja kwa kila mwelekeo."

Rasimu uliyoambatisha ina sentensi nyingine: "Unganisha graundi za pande zote mbili." Kisarufi haina kasoro. Ifute hata hivyo, maana graundi, yaani njia ya mkondo kurudi kwenye chanzo, zikiunganishwa, "zimetenganishwa kiumeme" si kweli tena.