Redio za malori ya kwenye filamu: nikizifunga kwenye Fuso zangu nitaongea Moshi hadi Mang'ola?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Moshi, nina Fuso tatu zinazobeba vitunguu kutoka Mang'ola kule Karatu. Juzi kijana wa kujaza flashi aliniwekea filamu ya zamani ya Kimarekani, Convoy, ya madereva wa malori waliochoka kuonewa na polisi, wakaungana msafara mrefu na kuvuka majimbo. Muda wote wanaongea kwa redio ya ndani ya lori. Hakuna simu, hakuna bando, na wa mwisho anamsikia wa kwanza. Mimi madereva wangu wakishaachana pale Makuyuni ndiyo basi: mmoja simu imezima, mwingine hana salio, wa tatu hapokei kwa kuwa yuko kwenye usukani. Ile ni redio gani? Nikifunga kwenye gari zote tatu, nikabaki na ya nne nyumbani, nitawasikia wakiwa Mang'ola? Na ni kweli lori linaweza kubomoa jela namna ile?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La jela ndilo jepesi, tulimalize. Ukuta wa tofali lori litauangusha. Ila radieta iko mbele ya kila kitu, na radieta ikishapasuka hakuna shujaa anayefika kilometa 20. Kwenye filamu wanatoka pale wakiwa wazima na injini inaunguruma. Waache, wamelipwa.

Redio ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hapo nitakaa kidogo.

Ile unayoiona mkononi mwa Kris Kristofferson, ya waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe, Wamarekani wanaiita CB, yaani masafa ya raia. Inafanya kazi kwenye megahezi 27, kwa nguvu ya wati 4 tu. Wati 4, chini ya taa nyingi za LED za sebuleni. Filamu ilitoka 1978, na mwaka mmoja nyuma yake, 1977, serikali yao ilikuwa imeongeza chaneli kutoka 23 hadi 40 kwa sababu watu walizidi, ikawa kila ukibonyeza kuna mtu anaongea. Madereva wa malori ndio walioifanya ivume. Baada ya mafuta kuadimika 1973, mwanzoni mwa 1974 Marekani ilipitisha kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilometa 88, nchi nzima. Dereva anayelipwa kwa safari akaona anaibiwa mchana kweupe. Redio ikawa ya kuulizana kituo gani kina dizeli na trafiki wamejificha wapi. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa taa: ukiona lori linakuja linakuwashia mara mbili pale Kisongo, unajua mbele kuna tochi.

Sasa ngoja nikuharibie filamu kidogo. Malori mengi namna ile kwenye chaneli moja hayawezi kuongea kwa zamu nzuri kama mlivyosikia. Redio zile ni za AM, na kwenye AM watu wawili wakibonyeza kwa pamoja husikii yeyote kati yao, unasikia filimbi. Masafa yao hayalingani sawasawa, yanapishana kidogo, na ule upishano ndio unaopiga mluzi sikioni. Msafara wa kweli wa malori 50 ungekuwa filimbi kutwa nzima na matusi katikati. Redio za FM, kama hizi tunazofunga hapa, zina tabia tofauti: mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi anamfunika mwenzake kabisa. Hakuna filimbi, ila yule dhaifu anadhani amesikika kumbe hakuna aliyempata.

Kuna jambo moja filamu imelisema kweli, na wengi wanalipita. Kumbuka mwanzoni yule sherifu alivyowanasa: naye alikuwa na redio ileile, akaingia chaneli ileile akijifanya dereva mwenzao, akawaambia njia nyeupe. Chaneli haina mlango. Yeyote mwenye redio iliyowekwa kwenye masafa yenu anawasikia, hata kama hamjui yupo. Kwa hiyo usije ukasikia kijana wako anatangaza hewani kwamba ameshauza mzigo wote soko la Kilombero, Arusha, na fedha anazo kwenye kabini.

Tuje kwenye swali lenyewe, la umbali. Hapa ndipo wateja wangu wote wanapokosea, na wanakosea kwa namna moja: wanauliza redio ina wati ngapi. Mteja anaingia hapa kwangu Unga Limited, Arusha, anashika redio, anaigeuza kutafuta namba ya wati kama anayenunua jenereta. Wati si dereva wa umbali. Mawimbi ya redio hizi tunazofunga yanatembea karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kinachoamua ni urefu wa antena mbili kutoka chini. Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu wa kila antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili cha kila moja, jumlisha, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilometa.

Fuso yako, antena ikiwa juu ya kabini, ncha yake iko kama mita 4 kutoka ardhini. Kipeuo cha 4 ni 2. Fuso mbili, 2 na 2 ni 4, mara 4.12, unapata kilometa 16 na ushee. Hapo ni kwenye tambarare, bila kilima, bila migomba. Ukitoka wati 25 kwenda 50 mstari huo hausogei. Sauti inakuwa safi zaidi pale inapofika, basi.

Lakini angalia kinachotokea mmoja akiwa juu. Lori lako likishapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, kabla halijaupa mgongo kwenda Karatu, tuseme liko mita 400 juu ya tambarare. Kipeuo cha 400 ni 20. Ongeza 2 ya lori lililoko chini, mara 4.12, unapata kilometa 90. Redio ileile, wati zilezile. Ndiyo maana madereva wa utalii wakifika pale juu redio zao zinafufuka ghafla, wanasikia sauti ambazo tangu Makuyuni hawakuzisikia. Na ndiyo maana dakika chache baadaye, barabara ikishaingia nyuma ya ukuta, kunakuwa kimya. Mlima uliokubeba ndio huohuo unaokufunika.

Kwa hiyo Moshi hadi Mang'ola, hapana. Kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 200, na katikati kuna Meru, kuna milima ya Monduli, kuna huo ukuta. Ipo redio inayoweza, ya masafa ya chini zaidi, ambayo mawimbi yake yanapanda angani na kurudi chini. Misheni na kambi za uwindaji zilikuwa zikiongea nazo kabla ya minara ya simu. Ila inataka waya mrefu wa antena, bei yake imesimama, na asubuhi masafa yanayosikika siyo ya usiku. Kwa vitunguu sikushauri. Nyumbani baki na simu. Redio iwe ya gari kwa gari.

Na kwa gari kwa gari usitafute CB. Sababu ya kwanza ni antena: wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, na antena nzuri ni robo yake, mita 2 na sentimeta 75. Iweke juu ya Fuso halafu pita chini ya mkwaju, utaniambia. Wanazifupisha kwa kuzungushia koili, na kila ukiifupisha inapoteza. Sababu ya pili, AM inabeba kelele zote za alteneta, utasikia injini yako mwenyewe kuliko mwenzako. Ya tatu ndiyo kubwa. Wale jamaa wa filamu walikuwa na nguvu kwa sababu karibu kila lori barabarani lilikuwa nayo. Hapa utabonyeza peke yako kutoka Himo hadi Karatu usijibiwe na mtu.

Chukua redio kolu za VHF, za megahezi 136 hadi 174, hizi ambazo magari mengi ya utalii ya Arusha yanazo. Wimbi lake ni kama mita 2, antena ni nusu mita, haigusi tawi lolote. Mafundi tuko wengi na vipuri vipo. Madereva wa utalii wana lugha yao humo, simba anaitwa sharubu ili mgeni wa nyuma asiruke kwenye kiti kabla ya wakati. Vijana wako watajitungia ya kwao. Ila masafa huokoti. Unaomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa Arusha, unapewa masafa yako na leseni unalipia. Fundi akikwambia atakuwekea masafa ya kampuni fulani ya utalii kwa sababu hawatajua, mkimbie. Watajua siku ya kwanza.

Sasa ufungaji, na hapa nikwambie kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja redio kwenye lori zuri la kichwa kirefu. Nikapachika antena juu kabisa, pale kwenye ile kofia ya kukata upepo, nikajiona nimefanya kazi ya maana maana urefu ndio umbali. Baada ya wiki redio ikafa. Nikampa nyingine, ikafa. Nilipofungua ya pili nikakutana na harufu ileile ya transista ya kurushia iliyoungua, kama plastiki iliyosahauliwa kwenye jiko la mkaa. Ndipo nikapanda tena juu, nikaigonga ile kofia kwa kidole. Ikalia ko-ko-ko. Faiba. Antena ya robo wimbi inahitaji bati chini yake, lile bati ndilo nusu yake ya pili. Bila bati nguvu haitoki, inarudi kwenye redio na kuichoma. Redio ya tatu ilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo sikabidhi gari bila kuweka kati ya redio na antena kile kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu kiasi gani inagoma kutoka na kurudi kwenye redio. Kikisoma 1.5, nguvu inayorudi ni asilimia 4, unalala usingizi. Kikisoma 3, robo nzima inarudi. Fundi wako akikosa kipimo hicho, hata kama ana cheti ukutani, yeye anafunga kwa kubahatisha. Fuso zako zina paa la bati, hapo umepona. Antena iwe katikati ya paa, na rangi ikwanguliwe pale inapokaa ili iguse chuma.

Umeme nao. Fuso ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Redio ni ya 12. Mafundi wengi wanakata njia ya mkato: wanachomeka redio kwenye betri moja. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri sana. Baada ya miezi betri hiyo inakuwa nyonge kwa kuwa inatumika peke yake, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi maji yanachemka, kwa sababu alteneta inaziona kama kitu kimoja. Unabadilisha betri mbili kwa ajili ya redio moja. Dai konvata ya kushusha 24 kuwa 12. Redio ya wati 25 inavuta ampea 5 au 6 unapobonyeza, kwa hiyo konvata iwe ya ampea 10 kwenda juu, na fyuzi iwe karibu na betri, siyo kule kwenye dashibodi.

Wafundishe vijana jambo moja la kiutaratibu: abonyeze, ahesabu moja kimoyomoyo, ndiyo aongee. Wanaoanza kuongea huku wanabonyeza wanakata neno la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la anayeitwa. Ile 10-4 ya kwenye filamu maana yake ni nimekupata. Wakisema hivyo wakajisikia Wamarekani, sina neno, ni fupi.

Zikishafungwa usilipe fundi hapohapo gereji, pale zitasikilizana hata bila antena. Zilete njia ya Moshi. Gari la mbele literemke hadi daraja la Kikafu, la nyuma lisimame bado kule juu upande wa pili wa kilima, ambapo hawaonani kabisa. Waitane. Pale bondeni mawimbi yanakabwa kuliko sehemu nyingi za safari yako. Wakisikizana, mlipe fundi. Wasiposikizana, mwambie apande juu ya kabini na kile kipimo, wewe ukiwa umeshika ngazi.