Mlipie mwandishi nauli, usimchagulie habari

Ninauza samaki wakavu mjini Hoima, magharibi mwa Uganda; wateja wangu wengi ni Wakongomani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimpa malazi kijana mmoja, mwandishi wa kujitegemea anayefuatilia ukataji miti katika msitu wa Bugoma, jirani na kwetu. Zamani niliona kununua gazeti kunatosha. Siku moja akanionyesha hesabu yake: bodaboda, bando, chakula cha siku mbili. Gazeti lilimlipa baada ya miezi minne, na malipo yenyewe hayakurudisha hata nauli.

Wenye mashamba ya miwa karibu na msitu na wenye kampuni za kuchimba mafuta wanalijua pengo hilo. Wakiita waandishi hutuma gari, na mwisho wa ziara hugawa bahasha. Lakini aliyeingia msituni kwa gari la mkata miti ataonyeshwa miti iliyosimama tu. Kijana wangu aliingia kwa pikipiki ya kukodi. Alirudi usiku, daftari limo ndani ya mfuko wa plastiki, simu imejaa picha za visiki vinavyotoa utomvu, na kila picha ina alama yake ya mahali kwenye ramani. Picha za namna hiyo ni vigumu kuzikanusha.

Kwa hiyo changa kabla habari haijaandikwa, na usiulize itasema nini. Ukiwa mbali, InfoNile, mtandao wa wanahabari ulioanza mwaka 2017, husaidia waandishi wa nchi za bonde la Nile. Earth Journalism Network, mtandao wa waandishi wa mazingira, unafanya kazi hiyo duniani tangu 2004. Ukiwa jirani, jua amepita njia gani na mpigie jioni. Mwandishi Mwingereza Dom Phillips aliuawa Amazon, Brazil, Juni 2022, pamoja na Bruno Pereira, mtetezi wa wenyeji wa msitu huo. Waliotoa taarifa mapema kwamba hawajafika ni watu waliokuwa wakiwasubiri.

Msaidie na karatasi pia. Sheria ya mwaka 2005 inampa raia wa Uganda haki ya kuomba nyaraka za serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Mimi nimeshaweka sahihi yangu kwenye maombi mawili.

Mwaka jana aliandika kuhusu samaki wachanga wa Ziwa Albert wanaouzwa sokoni kwetu. Meza yangu ilikuwamo. Iliniuma, wateja wakaniuliza, na nikaacha kununua samaki wale. Alipopita tena mwezi uliofuata, nilimtandikia kitanda kama kawaida.