Maswali na Majibu: Tuunganisheje masomo ya darasa la nne bila kupoteza vipindi?

Swali

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga. Mwalimu mkuu alitutaka tuunganishe masomo ya darasa la nne ili watoto wachangamke. Tukachagua dhamira ya "Maji" kwa wiki mbili. Kwenye Sanaa na Michezo waliimba wimbo wa maji, kwenye Kiswahili wakaandika insha ya umuhimu wa maji, kwenye Hisabati wakapewa mafumbo ya ndoo za maji. Kufikia wiki ya pili watoto walikuwa wamechoka, na mwalimu wa Hisabati amejitoa, anasema amepoteza vipindi vyake. Darasa lina wanafunzi 72 na vitabu havitoshi. Masomo mangapi yaingie? Tunapimaje? Na mthibiti ubora wa shule akija, tumwonyeshe andalio gani la somo?

Jibu

Mwalimu wa Hisabati ana hoja. Mafumbo ya ndoo za maji angeweza kuyatoa siku yoyote, dhamira ikiwepo au isiwepo. Mlichounganisha ni neno moja, kisha kila somo likalirudia kwa namna yake. Mtoto aliyesikia umuhimu wa maji Jumatatu, akauandika Jumanne na kuuimba Jumatano, ana haki ya kuchoka.

Masomo huungana pale penye kazi moja isiyoweza kukamilika kwa maarifa ya somo moja. Kwa hiyo dhamira yenu igeuzeni iwe swali linalodai jibu la namba, au uamuzi. Wenzetu wa Kenya wana "maswali dadisi" ndani ya mihtasari yao ya KICD, taasisi yao ya mitaala, na wazo hilo linafaa kuazimwa, ila swali lenu liwe la shuleni kwenu na lisiwe na jibu kitabuni. Kwa mazingira ya Tanga ningependekeza hili: *Maji ya mvua kutoka paa la darasa letu yanatosha kunawia mikono wiki nzima?* Walimu wenyewe hamjui jibu lake, na watoto hulitambua hilo haraka sana.

Kuchagua masomo

Kabla ya kubuni shughuli yoyote, walimu wote wa darasa la nne wakae pamoja kwa saa mbili na mihtasari yao. Bandikeni karatasi ya manila ukutani: safu mlalo moja kwa kila somo, safu wima moja kwa kila wiki ya muhula. Kila mwalimu aandike umahiri mahususi wake, yaani kile mtoto anachotakiwa kukiweza, kama ulivyo kwenye azimio la kazi, ule mpango wake wa kufundisha. Halafu mpite mmoja mmoja mkiuliza: bila umahiri huu, swali letu litajibika? Likijibika, umahiri huo ubaki kwenye kipindi chake cha kawaida.

Kwa swali la paa yatabaki masomo manne. Hisabati inaleta vipimo vya urefu na ujazo, eneo la mstatili, kuzidisha na kugawanya. Sayansi inaleta kupima, kutunza kumbukumbu na usafi wa mikono. Jiografia na Mazingira inaleta hali ya hewa na misimu. Kiswahili kinaleta barua rasmi. Sanaa ipewe kipindi kimoja cha kuchora kifaa kwa vipimo, basi. Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili yaendelee na ratiba yake. Najua kuna atakayesema watoto waende kuwauliza wazee habari za mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ni zoezi zuri, lakini halijibu swali la paa. Lisubiri siku yake.

Mkikuta eneo la mstatili limepangwa miezi miwili mbele, sogezeni kazi nzima mbele. Hapo ndipo shule nyingi hukosea: zinavuta mada kabla ya wakati ili ziendane na dhamira, na mwalimu wa Hisabati anajikuta anafundisha eneo kwa watoto ambao kuzidisha bado kunawasumbua.

Muda: wiki tatu. Hisabati vipindi 6, Sayansi 4, Kiswahili 4, Jiografia 2, Sanaa 1. Vipindi hivyo vyote ni vya masomo husika. Hakuna anayempa mwenzake kipindi. Unachotakiwa kufanya wewe kama mtaaluma ni kubadilishana nafasi kwenye ratiba ili Sayansi ipate vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, siku ya kutengeneza vifaa.

Kipimamvua

Wiki moja kabla, kila kikundi cha watoto sita kilete chupa moja ya plastiki ya lita 1.5. Mtapata vikundi 12 na chupa 12. Chagueni zenye ubavu ulionyooka. Zile zenye mikunjo mikunjo zinaharibu kipimo kwa sababu upana wake hubadilika kila baada ya sentimita chache.

Mwalimu ndiye anayekata, watoto wa umri huo wasipewe wembe. Kata pale ambapo bega la chupa linaishia na ubavu unaanza kuwa wima. Kipande cha juu, kikiwa hakina kifuniko, kigeuze ukitumbukize ndani kiwe faneli. Faneli hiyo inapunguza maji kukauka na inazuia matone kuruka nje.

Kitako cha chupa hakiko bapa, kwa hiyo kipimo hakiwezi kuanzia pale. Tia kokoto ndogo kuimarisha chupa isiangushwe na upepo, mimina maji hadi yazifunike kokoto na kufika mahali ubavu umenyooka, kisha weka alama ya sifuri kwenye usawa wa maji. Kuanzia alama hiyo chora milimita kwenye ukanda wa karatasi kwa kutumia rula, ubandike kwa selotepu pana isiyopitisha maji. Kila baada ya kusoma, maji yapunguzwe hadi sifuri. Kukiwa na jua kali na yakashuka chini ya sifuri, yaongezwe.

Sasa jaribio ambalo walimu wengi huliruka. Kila kikundi kimimine mililita 250 juu ya alama ya sifuri na kisome. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 9 itasoma takriban milimita 39. Zote 12 zikiwa za aina moja, zinatakiwa zikaribiane. Ile inayosoma 31 au 48 ina kasoro: ama sifuri imewekwa pasipo penyewe, ama rula imeanza kuhesabiwa kwenye ukingo wake badala ya alama ya 0. Waacheni watoto waitafute kasoro wenyewe. Mjadala huo wa dakika kumi na tano unafundisha upimaji kuliko ukurasa mzima wa maelezo, na hauhitaji kitabu.

Darasa lichague tatu zilizo sahihi zaidi zikawekwe nje. Ziwe tatu au tano, zisiwe nne, ili zikitofautiana watoto wapange namba kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati. Wastani bado mgumu kwao. Ziwekwe uwanjani, mbali na kuta na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mwembe wa mita 6 unadai mita 12. Zisomwe kila siku saa 3 asubuhi, muda ule ule ambao vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua ya saa 24 zilizopita.

Kutoka milimita hadi lita

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wakishaelewa hivyo, hesabu yote inafunguka. Lakini msiwape kama kanuni ya kukariri: chukueni beseni lenye kitako bapa na kuta wima, wamimine maji hadi kina cha milimita 10, wapime ujazo, walinganishe.

Tuseme paa linafunika mita 10 kwa 8. Vipimo vichukuliwe chini, kwenye ardhi iliyo chini ya paa pamoja na kingo zake. Wasipime mteremko wa bati wenyewe, maana mvua ya wima haiongezeki kwa sababu bati limelala. Hapo ni mita za mraba 80. Je, gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, ipo pande zote mbili? Madarasa mengi yana gata upande mmoja tu, kwa hiyo chukueni nusu, mita za mraba 40. Milimita 1 italeta lita 40. Ondoeni moja ya tano kwa maji yanayoruka, yanayovuja na yanayobaki kwenye bati: zinabaki lita 32.

Upande wa matumizi, Sayansi itumie kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachotoa maji kidogo kidogo, chenye lita 5. Watoto wanawe kwa sabuni kwa sekunde 20, wahesabiwe mpaka maji yaishe. Wakinawa kumi, kila mmoja ametumia nusu lita. Wanafunzi 72 wakinawa mara mbili kwa siku wanahitaji lita 72, na kwa siku tano lita 360. Gawanya 360 kwa 32: darasa linahitaji mvua ya milimita 11 na robo kwa wiki, tuseme 12 ili yasipungue. Shule yenye wanafunzi 600 ingehitaji lita 3,000, yaani karibu milimita 94 kwa wiki kutoka paa hilo hilo. Watoto watagundua wenyewe kwamba paa moja linatosha darasa moja na haliwezi kubeba shule. Hiyo ndiyo hoja ya barua ya Kiswahili kwa kamati ya shule: gata upande wa pili, au tangi kubwa zaidi, au yote mawili, na namba za kuthibitisha. Mwalimu wa Kiswahili hatalazimika tena kuwasukuma watafute cha kuandika.

Yatakayoharibika

Kumbukumbu za Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi chupa ina maji ya siku tatu, na watoto wataiandika kama mvua ya Jumatatu. Kama hakuna anayekaa karibu na shule wa kusoma siku hizo, andikeni jumla moja kwa siku zote tatu na mziunganishe kwa mabano kwenye chati. Msigawanye kwa tatu, maana hamjui ilinyesha siku gani.

Sifuri na kistari. Siku isiyonyesha ni 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma ni kistari. Watoto huviona ni kitu kimoja, kisha jumla ya mwezi inatoka kasoro. Limalizeni hili siku ya kwanza.

Watoto wawili wanafanya, wanne wanatazama. Kwa vikundi vya sita, wapeni kazi zinazobadilika kila siku: msomaji, mhakiki anayesoma tena bila kuambiwa namba ya kwanza, mwandishi, na watatu wa kukokotoa lita kila mmoja kwa daftari lake. Kikundi kimoja kwa zamu ndicho kiende nje. Vingine vinaendelea na kipindi.

Upimaji

Msitoe alama moja ya kikundi kwa masomo manne, hapo ndipo kila mwalimu hupoteza habari za somo lake. Kila somo lipime umahiri wake kwa kazi ya mtoto mmoja mmoja. Hisabati: robo karatasi, dakika tano, mwisho wa kipindi: "Paa linafunika mita 8 kwa 5. Mvua ni milimita 10. Ni lita ngapi?" Jibu ni 400. Anayeandika 130 amejumlisha pande badala ya kuzizidisha. Anayeandika 40 amesahau mvua. Anayeandika 4,000 pengine amechukulia milimita kama sentimita. Gawa karatasi kwa makosa hayo na kesho yake utajua umkalishe nani na nani. Kiswahili: muundo wa barua, salamu na lugha ya heshima, hoja yenye namba, tahajia. Sayansi: chati ya kumbukumbu na maelezo ya kwa nini chupa fulani ilikataliwa.

Kwa kuwa darasa la nne lina upimaji wa kitaifa wa NECTA, Baraza la Mitihani, wazazi watauliza. Endeleeni na jaribio moja la kawaida kila wiki kwa kila somo, kwa muundo wa maswali waliouzoea.

Andalio

Msiandike andalio moja la pamoja. Kila mwalimu abaki na azimio na andalio la somo lake, lenye umahiri mahususi kutoka muhtasari wake, na kwenye safu ya maoni ya azimio aandike kwamba kipindi hicho kinatumia data za kipimamvua cha darasa. Mthibiti ubora ataona muhtasari umefuatwa. Ile karatasi ya manila ibaki ofisini kama mpango wa pamoja. Kazi za namna hii zitoshe mbili kwa mwaka. Kwa muhula mwingine fikirieni uotaji wa mbegu, au ramani ya njia za watoto kuja shule.

Kuhusu wakati, kwenu masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Anzeni wiki ya pili tangu mvua ishike. Mkianza na mvua ikagoma wiki nzima, sifuri saba zilizoandikwa vizuri ni data halali: swali linageuka kuwa tangi la lita ngapi lingewavusha siku hizo, na kwa lita 72 kwa kila siku ya masomo, hesabu hiyo wanaiweza.