Tegeta hadi Mwenge kwa baiskeli ya umeme: italipa?

SWALI: Naishi Tegeta, kazi yangu iko Mwenge. Asubuhi napanda daladala kwa shilingi 700, lakini jioni kusubiri kunanishinda, nachukua bodaboda kwa 4,000, karibu kila siku. Nimeona baiskeli ya umeme ya shilingi 1,800,000, betri ya lithiamu ya volti 36, ampea-saa 10. Muuzaji anasema ikichajiwa mara moja inakwenda kilomita 60. Ninunue?

JIBU: Dada, kinachokumaliza ni bodaboda ya jioni. Kwa siku 22 za kazi nauli yako ni kama 103,000 kwa mwezi, wakati umeme wa kwenda na kurudi kwa baiskeli haufiki shilingi 200 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, pesa yako inarudi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ungekuwa mtu wa daladala asubuhi na jioni, ningekukataza: ungengoja zaidi ya miaka mitano, na betri ingekuwa imeshachoka zamani.

Sasa hizo kilomita 60. Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa 360. Hilo ndilo tangi lako. Anayekanyaga pedeli huku mota ikimsaidia hutumia wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Anayekaa tu akavuta mafuta kama yuko kwenye pikipiki hutumia 20 au zaidi. Kutoka kwako hadi Mwenge ni karibu kilomita 13, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 26. Usipokanyaga utafika kazini vizuri, halafu jioni ikuzimikie njiani, nawe usukume chuma kizito. Ukikanyaga utarudi, ila betri itakuwa imebaki kidogo sana au imekwisha, hasa upepo ukiwa mbele. Kwa hiyo ulizia kazini kama utaruhusiwa kuchaji. Wakikataa, iache hiyo, utafute ya volti 48, ampea-saa 13.

Betri ya lithiamu kwa kawaida huhimili kuchajiwa kikamilifu mara 500 hadi 1,000 kabla uwezo wake haujashuka sana. Wewe utachaji karibu kila siku ya kazi, hivyo kwa betri ya kiwango cha chini hiyo ni miaka miwili tu. Muulize muuzaji betri mpya ni bei gani na inapatikana wapi hapa Dar. Akibabaika, usinunue, hata akupunguzie. Na isichajiwe ikiwa bado ya moto kutoka juani; iache ipoe kwanza.

Pancha nazo zipo. Kama mota iko kwenye tairi la nyuma, kulitoa kunataka kuchomoa waya na kufungua nati kubwa, na si kila fundi wa baiskeli mtaani amezoea. Mwoneshe fundi wako kabla hujalipa.

Kubwa zaidi, omba uijaribu barabarani: Tegeta, Mwenge, Tegeta, bila kuchaji katikati, ukikanyaga kama utakavyokanyaga siku umechoka.